Goti bovu, mgongo mbovu: Namna ya kupunguza uzani bila kujiongezea majeraha

KWA miaka mingi, msafiri aliyeingia kisiwani Mombasa kwa barabara kutoka Changamwe alilazimika kuziba pua alipofika Kibarani. Hapo, kando ya bahari, palikuwa na jaa la taka lililofuka moshi usiku na mchana.

Jaa hilo lilifungwa mwaka wa 2018, taka zikafunikwa kwa udongo, miti ikapandwa na bustani ikachukua nafasi ya uvundo. Mahali ambapo hapakukalika pakawa pa kupunga upepo.

Hata hivyo, kuna watu ambao huzitazama bustani kama hiyo kwa mbali. Si kwamba hawapendi kutembea, bali miili yao inawakataza.

Miongoni mwao ni mama wa Mji wa Kale ambaye goti lake hulia kila ashukapo ngazi, na ambaye sasa huswali akiwa ameketi kitini kwa kuwa kusujudu kumemshinda. Yumo pia hamali wa Marikiti aliyebeba magunia kwa miaka mingi hadi mgongo ukamsaliti, na kijana aliyeanguka kwenye bodaboda akavunjika mguu, akaketi nyumbani miezi sita na kuongeza kilo 15.

Wote hawa wakienda hospitalini huambiwa mambo mawili ambayo masikioni mwao hupingana: punguza uzani, na utunze kiungo chako. Swali linalobaki ni hili: mtu atapunguzaje uzani ilhali kiungo cha kufanyia mazoezi ndicho kilichoumia?

Makala haya yanalenga kulijibu swali hilo.

Duara lisilo na mwisho

Unene si tatizo la watu wachache tena. Utafiti wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake nchini Kenya wa umri wa kati ya miaka 20 na 49 wana uzani uliopita kiasi au unene wa kupindukia. Kwa wanaume wa umri huo, ni asilimia 19.

Maumivu ya viungo nayo yameenea kote duniani. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu milioni 619 waliishi na maumivu ya kiuno na mgongo wa chini mwaka wa 2020, idadi inayozidi ya tatizo lingine lolote la mifupa na misuli.

Matatizo haya mawili yanapokutana katika mwili mmoja, kila moja hulilisha jingine. Goti likiuma, mtu huketi. Akiketi, misuli ya paja hulegea na mafuta huongezeka. Misuli ikilegea, goti hukosa mhimili wa kulishika, na mafuta yakiongezeka, goti hubeba mzigo mkubwa zaidi. Maumivu huzidi, na mtu huketi zaidi.

Wengi hujaribu kulivunja duara hilo kwa tembe au sindano. Dawa za kutuliza maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni zina nafasi yake, lakini zikitumiwa kiholela kwa miezi na miaka huweza kusababisha vidonda vya tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Isitoshe, hazipunguzi hata gramu moja ya uzani.

Goti hubeba kiasi gani?

Ili kuelewa kwa nini kilo chache zina uzito mkubwa katika jambo hili, ni muhimu kujua kazi inayofanywa na goti.

Mwaka wa 2010, watafiti nchini Ujerumani walichapisha matokeo ya vipimo vilivyochukuliwa ndani ya magoti bandia ya wagonjwa. Waligundua kwamba mtu anapotembea mahali tambarare, goti hubeba takriban mara 2.6 ya uzani wa mwili wake. Akipanda ngazi, hufika mara 3.2. Akishuka, karibu mara 3.5.

Kwa hivyo, mtu wa kilo 90 ashukapo ngazi, goti lake hupokea zaidi ya kilo 300 kwa kila hatua. Waliosema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, hawakuwa wakizungumzia magoti, lakini kwa wakazi wa nyumba za ghorofa za Mji wa Kale methali hiyo ina ukweli wa aina yake.

Habari njema ni kwamba hesabu hii hufanya kazi upande wa pili pia. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2005 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, uliwahusisha wazee wanene 142 waliokuwa na magoti yaliyolika. Ulibaini kwamba kila kilo moja mtu anayopunguza mwilini huliondolea goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua.

Tuseme mtu amepunguza kilo tano tu. Kila hatua, goti lake limepumzishwa kilo 20. Akitembea hatua 4,000 kwa siku, yaani 2,000 kwa kila mguu, kila goti litakuwa limeondolewa tani 40 kwa siku moja. Huo ni mzigo wa kujaza lori moja kubwa kati ya yale yapitayo Kibarani kutoka bandarini.

Sahani kwanza, viatu baadaye

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu mnene mwenye goti bovu huamini kwamba asipokimbia hawezi kupungua. Hujilazimisha, huumia, kisha hukata tamaa kabisa.

Ukweli ni kwamba kazi kubwa ya kupunguza uzani hufanyika mezani. Mwaka wa 2013, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya utafiti wa miezi 18 uliowashirikisha watu wanene 454, wenye umri wa miaka 55 na zaidi, waliokuwa na maradhi ya magoti. Waliofanya mazoezi pekee walipungua wastani wa kilo 1.8. Waliobadilisha chakula pekee walipungua kilo 8.9. Waliofanya yote mawili walipungua kilo 10.6, nao ndio waliopata nafuu kubwa zaidi ya maumivu.

Funzo lililopo ni kwamba chakula hupunguza uzani, nayo mazoezi huimarisha misuli, hulinda kiungo na kuzuia uzani usirudi. Mwenye goti bovu hana haja ya kusubiri hadi aweze kukimbia ndipo aanze kupungua. Anaweza kuanza leo jikoni.

Kwa mkazi wa Pwani, pa kuanzia ni kwenye sukari na mafuta. Soda ya nusu lita huwa na takriban gramu 50 za sukari, sawa na vijiko 12 vidogo hivi, na hutoa kalori 200. Mtu wa kilo 80 atahitaji kutembea takriban dakika 45 kuichoma soda hiyo moja. Ni rahisi zaidi kutoinywa.

Hali kadhalika mahamri, viazi vya karai, sambusa na kaimati. Si lazima mtu avipige marufuku, kwani chakula ni sehemu ya utamaduni. Lakini mahamri manne yaweza kuwa mawili, mbaazi zikapikwa kwa tui jepesi badala ya zito, na chai ikapunguzwa sukari kidogo kidogo hadi ulimi uzoee.

Wakati wa mlo, nusu ya sahani iwe mboga kama vile mchicha, sukuma wiki, bamia au kachumbari. Robo iwe samaki, maharagwe, pojo au kuku, na robo inayosalia iwe wali, ugali au muhogo. Samaki wa kuchoma au wa kupaka kwa tui jepesi ni bora kuliko yule aliyezama katika mafuta.

Mtu asilenge makubwa mara moja. Kupunguza nusu kilo kwa juma ni mwendo mzuri. Kwa mtu wa kilo 90, kupoteza kilo nne na nusu tu, yaani asilimia tano, tayari huleta manufaa kwa goti, shinikizo la damu na sukari mwilini.

Kutembea: dawa isiyouzwa

Baada ya sahani, sasa tugeukie miguu.

Zamani mgonjwa wa mgongo aliamrishwa kulala kitandani kwa majuma. Ushauri huo umepitwa na wakati. Isipokuwa pale ambapo kuna mvunjiko au hatari nyingine iliyothibitishwa na daktari, mgongo hupona vyema zaidi unaposogezwa kuliko unapolazwa.

Ushahidi wa karibuni ulitoka Australia mwaka wa 2024. Watu 701 waliokuwa wametoka tu kupona maumivu ya mgongo waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa mpango wa kutembea uliopangwa na mtaalamu wa tiba ya viungo, pamoja na mafunzo kuhusu maumivu. Jingine halikupewa chochote. Katika kundi la kwanza, nusu ya watu walikaa angalau siku 208 kabla ya maumivu kurejea. Katika kundi la pili, siku hizo zilikuwa 112.

Lakini kutembea nako kuna adabu zake. Mwenda pole hajikwai. Aliyekaa muda mrefu bila mazoezi aanze kwa dakika 10 kwa siku, siku tano kwa juma, mahali tambarare. Kila juma aongeze dakika tano, almuradi maumivu hayajazidi. Katika juma la tano atakuwa amefika dakika 30, ambazo kwa siku tano ni dakika 150. Hicho ndicho kiwango cha chini kinachopendekezwa na WHO kwa watu wazima katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020.

Asiyeweza kutembea dakika 10 mfululizo agawe mara mbili: tano asubuhi, tano jioni. Mwili huhesabu jumla.

Kwa sababu ya joto la Mombasa, saa bora ni baada ya swala ya alfajiri au jua linapokaribia kuzama. Vichochoro vya Mji wa Kale vina kivuli, lakini sakafu zake zina mabonde na vidato vinavyoweza kumtegua mwenye kifundo dhaifu. Mama Ngina, iliyofanyiwa ukarabati mkubwa mwaka wa 2019, ina njia pana kando ya bahari. Anayechagua Kibarani ajihadhari na malori, na asiivuke barabara kuu kiholela.

Viatu navyo ni muhimu. Ndara na makubadhi havifai kwa mwendo wa dakika 30. Kiatu kiwe na soli nene, laini, kisichobana vidole wala kupwaya kisiginoni. Kwa wanaovaa buibui, kiatu cha michezo hakionekani na hakimwondolei mtu heshima yake.

Anayetumia mkongojo aushike kwa mkono ulio upande wa mguu mzima. Goti la kulia likiuma, mkongojo huwa mkono wa kushoto. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia wakati wa kupanda, na mguu mgonjwa hutangulia wakati wa kushuka.

Bahari iliyo mlangoni

Wakazi wa Mombasa wana hazina ambayo watu wa bara huilipia katika hoteli na vilabu, nayo ni maji.

Mtu akisimama ndani ya maji yanayofika kiunoni, miguu yake hubeba takriban nusu tu ya uzani wake. Yakifika kifuani, hubeba karibu theluthi moja. Mtu wa kilo 90 basi hutembea kana kwamba ana kilo 30, huku maji yakiipinga misuli yake na kuilazimisha kufanya kazi. Ni vigumu kupata zoezi linalofaa zaidi kwa goti, nyonga au mgongo uliojeruhiwa.

Si lazima mtu ajue kuogelea. Kutembea mbele na nyuma, kuinua magoti kwa zamu na kusukuma maji kwa mikono kwa dakika 20 kunatosha. Katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Bamburi, maji hutulia zaidi yanapokupwa, kwa kuwa miamba huvunja mawimbi mbali na ufuo.

Hata hivyo, bahari haina mzaha. Mtu asiingie peke yake, asiingie wakati wa bamvua bila kuuliza wavuvi au waokoaji, na avae viatu vya mpira ili asichomwe na miiba au kukatwa na matumbawe. Aliye na kidonda kibichi cha upasuaji asiingie kabisa hadi daktari amruhusu.

Mazoezi ya kiti na mkeka

Kutembea pekee hakutoshi. WHO hushauri pia mazoezi ya kuimarisha misuli angalau mara mbili kwa juma. Haya hufanyika nyumbani, bila gharama.

Kuinuka kitini: Keti kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, nyayo zikiwa sakafuni. Inuka polepole bila kujisukuma kwa mikono, kisha keti polepole. Rudia mara nane hadi 10. Goti likilalamika, weka mto kitini ili kuinua kimo. Zoezi hili ndilo linalomrudishia mtu uwezo wa kuinuka chooni, kwenye matatu na kwenye mkeka wa swala.

Kuinua mguu ulionyooka: Lala chali mkekani, kunja goti moja, nyoosha mguu wa pili. Kaza msuli wa paja, inua mguu ulionyooka kiasi cha shibiri mbili, hesabu hadi tano, teremsha. Hili huimarisha paja bila kulikunja goti.

Kuinua nyonga: Ukiwa bado chali, kunja magoti yote mawili, nyayo zikae sakafuni. Inua nyonga hadi mwili unyooke kutoka mabegani hadi magotini, hesabu hadi tano, shuka. Hili huimarisha makalio na kiuno.

Mkono na mguu: Piga magoti na viganja kama mtambaaji, ukiweka mto chini ya magoti. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, mgongo ukibaki bapa. Badilisha upande. Asiyeweza kupiga magoti alifanye akiwa amesimama, viganja vikiwa mezani.

Aliyevunjika mguu na bado ana plasta asijihesabu kuwa nje. Anaweza kuketi na kuinua chupa mbili za maji, ngumi zikipanda na kushuka kama mpiga ngoma, dakika 10 kwa wakati. Moyo utapiga, jasho litatoka.

Ya kuepuka kwa sasa

Kuna mazoezi ambayo si mabaya kwa mtu mzima wa viungo, lakini humgharimu aliyeumia. Kukimbia kwenye lami, kuruka kamba, kuchuchumaa hadi chini na kunyanyua vyuma vizito kutoka sakafuni kwapaswa kusubiri hadi misuli ipate nguvu.

Shughuli za nyumbani pia zaweza kuharibu yaliyojengwa. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20. Ni heri kubeba mitungi miwili ya lita 10, mmoja kila mkono, kuliko kuinamia upande mmoja. Anayeokota kitu sakafuni akunje magoti kidogo, asogeze mzigo karibu na kifua, na asijipinde kiuno akiwa amebeba.

Maumivu yapi ni ya kuogopa?

Mwenye kiungo kibovu ataumia kidogo anapoanza. Kinachotakiwa ni kuyapima maumivu hayo. Ayape alama kutoka sifuri hadi 10. Yakiwa tatu au chini yake na yakaisha kufikia kesho yake, aendelee. Yakizidi tano, au goti likivimba usiku na kuamka bado limevimba, apunguze muda kwa nusu, lakini asiache.

Zipo dalili ambazo hazisubiri. Mtu aende hospitalini mara moja iwapo ameshindwa kuzuia haja, ganzi imemshika kati ya mapaja, mguu umekosa nguvu ghafla, goti limevimba na kuwa moto pamoja na homa, au hawezi kuukanyagia mguu kabisa baada ya kuanguka. Vilevile maumivu ya mgongo yanayoandamana na homa, au na kukonda bila sababu, yahitaji kuchunguzwa.

Wenye shinikizo la damu, kisukari au maradhi ya moyo wazungumze na daktari kabla ya kuanza. Hospitali ya Rufaa ya Pwani ina kitengo cha tiba ya viungo, na miadi michache na mtaalamu huweza kumwonyesha mgonjwa mazoezi yanayolifaa jeraha lake hasa.

Kushinda ulimi wa watu

Kikwazo cha mwisho hakiko gotini. Katika jamii zetu, mwili mnene umehesabiwa kwa muda mrefu kuwa ishara ya raha na matunzo mema. Mtu akianza kupungua huulizwa anaumwa nini, na mke aliyepungua hudhaniwa ana dhiki nyumbani. Wapo walioacha njiani kwa sababu ya maneno tu.

Dawa ya hilo ni kutokwenda peke yako. Majirani wawili au watatu wakikubaliana kutembea pamoja alfajiri, maneno hugeuka kuwa mazungumzo ya njiani, na siku ambayo mmoja anavunjika moyo wengine humgongea mlango.

Mizani nayo isiwe kipimo pekee. Aliyekuwa akishuka ngazi kwa kushika ukuta, akashuka bila kuushika, amepiga hatua hata kama kilo hazijabadilika. Hamali aliyeweza kufunga kamba za viatu vyake mwenyewe amerudishiwa sehemu ya maisha yake. Na mama wa Mji wa Kale, siku atakapoacha kiti na kuweka paji la uso mkekani tena, hatahitaji mizani imwambie kitu.

Bandu bandu huisha gogo. Jaa la Kibarani lilirundikwa kwa miaka mingi, na halikugeuka bustani kwa siku moja. Mwili uliolemewa nao hauhitaji miujiza. Unahitaji dakika 10 za leo, na 10 za kesho.